Deni la Umeme na Mita Isiyosubiri



Fikirieni mwalimu aliyehamishiwa Kisarawe mjini mwezi wa Januari. Amepata nyumba ya kupanga iliyokaa bila mtu kwa miezi minane. Jioni ya kwanza ananunua umeme wa shilingi 15,000 kwa simu, na ujumbe unaorudi unamwarifu kwamba shilingi 12,000 zimekwenda kufuta deni la kodi ya jengo. Umeme wake ni wa shilingi 3,000. Hakuwahi kulala katika nyumba hiyo hata usiku mmoja, hakuletewa hati ya madai, wala hakuna karani aliyekuja kumbishia hodi. Hesabu yenyewe ni sahihi. Kodi ya jengo ilianza kukusanywa kwa njia ya LUKU Agosti 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500. Miezi minane hufanya 12,000. Lakini deni ni la mwenye nyumba, na aliyelipa ni mpangaji. Ataambiwa akamdai mwenye nyumba wake. Mwenye nyumba yuko Dar es Salaam, na simu hapokei.

Mfano huu ni mdogo, lakini ndani yake limo suala zima. Mita ya malipo ya kabla ilifungwa ili ipime umeme. Siku hizi inapima umeme, inakusanya kodi, inalipiza madeni ya zamani, na inakata huduma yenyewe bila ya kungoja amri ya mtu. Kazi nne zilizokuwa za watumishi wanne, kila mmoja akiwa na mkubwa wake wa kulalamikiwa, sasa zimo ndani ya kisanduku kimoja ukutani, na kisanduku hakina masikio.

Hata hivyo si haki kuilaumu LUKU pasipo kukumbuka mambo yalivyokuwa kabla yake. Vijana wanaoanza kazi leo hawakuiona hali ile. Msoma mita alipita au hakupita. Asipopita, ankara iliandikwa kwa makadirio. Mtu aliyesafiri mwezi mzima kwenda kuuguza alirudi akakuta anadaiwa kama aliyewasha pasi usiku na mchana. Akienda kulalamika aliambiwa alipe kwanza, malalamiko yatashughulikiwa baadaye. Wengine walimalizana na msoma mita pale pale mlangoni, kwa njia ambazo kila mmoja anazijua, na hasara ikabebwa na Shirika, yaani na wananchi wote. Madeni yalipofika shingoni, fundi alikuja na ngazi akakata waya nguzoni, kisha familia ikatakiwa ilipe deni na gharama ya kuunganishiwa upya. LUKU, kwa maana ya Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, ilipoanza kuingia nchini katikati ya miaka ya 1990, wengi waliipokea kama ukombozi. Iliondoa makadirio, na ilimpa mama wa nyumbani uwezo wa kujua kila siku amebakiwa na kiasi gani. Faida hiyo ipo hadi leo, na anayetaka turudi kwenye ankara za makadirio hatutakii mema.

Lakini ni vema kuuliza: dawa hii ilitengenezwa kwa ugonjwa wa nani? Mwaka 2002 Serikali ilipoikabidhi menejimenti ya TANESCO kwa kampuni ya Net Group Solutions ya Afrika Kusini, kazi iliyowapa sifa na lawama mameneja hao ilikuwa kuwakatia umeme wadaiwa sugu, na miongoni mwao zilikuwamo taasisi za Serikali yenyewe. Mkataba wao ulikwisha mwaka 2006, madeni ya taasisi hayakwisha. Machi 2017, akiwa Mtwara, Rais John Magufuli aliliagiza Shirika liwakatie wadaiwa wote bila ya kuogopa jina, na akasema hata Ikulu ikiwa inadaiwa ikatwe. Mkuu wa nchi hafiki kwenye maneno kama hayo ila ameona kwamba wadaiwa wakubwa ni wale ambao fundi mwenye ngazi anawaogopa. Kabwela wa Picha ya Ndege hakuwa na mtu wa kumwogopa. Yeye alifungiwa mita mapema, na tangu siku hiyo hajakopeshwa umeme hata wa shilingi 100.

Hapo ndipo penye jambo ambalo maofisa wengi hulisahau. Chini ya utaratibu wa zamani, kukatiwa umeme kulikuwa tukio. Kulikuwa na ilani, tarehe, jina la fundi na jalada ofisini. Aliyetaka kujua ni nyumba ngapi Kibaha zimekatiwa mwezi fulani aliweza kuhesabu majalada. Chini ya LUKU hakuna anayekatiwa; mtu hujikatia mwenyewe. Yuniti zinapofika sifuri saa tatu usiku, na mfukoni hamna kitu, nyumba inaingia gizani na hakuna daftari lolote nchini linaloandika kwamba watoto wa nyumba hiyo hawakusoma usiku huo. Kwa takwimu, deni la umeme la nyumba hiyo ni sifuri. Kwa hakika deni lipo, ila limehama. Limekwenda kwa mangi, ambaye amekopesha mishumaa na mafuta ya taa. Limekwenda kwenye mkopo mdogo wa simu, unaochukuliwa tarehe 20 na kurudishwa na riba mshahara unapoingia. Mtumishi wa umma anajua vizuri zaidi ya mtu mwingine yeyote jinsi mikopo ya namna hiyo inavyoula mshahara wa mwezi ujao kabla haujafika.

Tutazame sasa nyumba za kupanga, kwa maana huko ndiko wanakoishi walimu wengi wa Maili Moja, Kongowe na Mlandizi. Nyumba ina wapangaji wanne na mita moja. Kila wiki wanachanga luku. Mmoja ana jokofu, mwingine ana taa mbili na redio, wa tatu anapiga pasi kila alfajiri, wa nne anasema mwezi huu alikuwa safarini. Ugomvi unaotokea hapo umevunja ujirani mwingi kuliko siasa. Lakini ugomvi huo unaficha dhuluma nyingine, nayo haitokani na wapangaji. Kwa bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, mtumiaji mdogo wa majumbani, asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi, huuziwa yuniti kwa shilingi 100. Mtumiaji wa kawaida huuziwa kwa shilingi 292. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, asilimia 3 ya nishati vijijini na asilimia 1 ya EWURA, bei hizo hufika shilingi 122 na shilingi 356 hivi.

Basi chukueni wapangaji wanne, kila mmoja akitumia yuniti 40 tu. Kila mmoja angekuwa na mita yake katika daraja la chini, angelipa shilingi 4,880 kwa mwezi. Wakiwa katika mita moja wanatumia yuniti 160, kwa hiyo mita inawahesabu kuwa ni tajiri mmoja. Wanalipa karibu shilingi 57,000, yaani zaidi kidogo ya 14,000 kwa kila mmoja. Masikini wanne waliokusanywa chini ya paa moja wanalipa karibu mara tatu ya kile walichokusudiwa kulipa. Nafuu iliyowekwa kwa ajili yao inakwenda kwa mtu anayeishi peke yake na kutumia umeme kidogo. Mwenye nyumba anaweza kuomba mita ya pili na ya tatu, lakini gharama ya kuunganishiwa mjini, tangu Januari 2022, ni shilingi 320,960 hata kwa aliye karibu na nguzo, ambapo kijijini ni shilingi 27,000. Ni mwenye nyumba gani atatoa fedha hizo ili mpangaji apate nafuu?

Kisarawe tatizo lina sura nyingine. Huko umeme ukiisha, mkaa uko karibu. Wilaya hiyo imelisha majiko ya Dar es Salaam kwa miaka mingi, na misitu ya Pugu na Kazimzumbwi inaonyesha makovu yake. Anayenunua mkaa kwa kopo hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anayenunua gunia, kama vile anayenunua umeme wa shilingi 1,000 kila siku anavyotumia muda mwingi na wasiwasi mwingi kuliko anayejaza wa mwezi mzima. Taifa lina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania. Katika Mto Rufiji, ndani ya mkoa huu huu wa Pwani, limejengwa Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, na mitambo yake yote tisa imekamilika. Haitakuwa rahisi kumweleza mzee wa Masaki au wa Maneromango kwa nini maji ya jirani yake yanazalisha umeme wote huo, naye anarudi kwenye kuni kwa kukosa shilingi 1,000.

Wako wanaodhani malalamiko haya ni ya nchi masikini tu. La. Uingereza, nchi yenye utajiri wa kutosha, ilifedheheka Februari 2023 gazeti la The Times lilipofichua kwamba mawakala wa kampuni ya British Gas walikuwa wakivunja milango ya wadaiwa na kuwafungia mita za malipo ya kabla kwa nguvu, wakiwamo wagonjwa na wenye watoto wachanga. Hati za mahakama za kuingia majumbani zilikuwa zikitolewa kwa mafungu, pasipo mdaiwa kusikilizwa. Kazi hiyo ikasimamishwa. Kanuni zilizofuata Novemba mwaka huo zinaitaka kampuni imtafute mdaiwa angalau mara 10 kabla ya kumfungia mita, na zinakataza kabisa kuifunga kwa nguvu katika nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka miwili, au yenye mzee wa zaidi ya miaka 75 asiye na wa kumsaidia. Afrika Kusini, wananchi wa Phiri, Soweto, walikwenda mahakamani kupinga mita kama hizo za maji. Walishinda mwaka 2008, na Mahakama ya Katiba ikatengua ushindi huo mwaka 2009. Jambo la kujifunza hapa ni kwamba kote huko mita ilijadiliwa hadharani kama jambo la haki za raia. Kwetu imechukuliwa kuwa jambo la fundi.

Sasa, hapana budi kusema pia yanayotuhusu wenyewe. Wapo watumishi wenye elimu na heshima wanaomwita kishoka usiku aje kurukisha mita. Umeme huo unaoibwa haupotei hewani, unalipiwa na wengine. Siku Shirika likigundua, hesabu ya umeme ulioibwa hupakiwa kwenye mita na kukatwa katika kila manunuzi, na mara nyingi anayekutwa ndani siku hiyo ni mpangaji mpya aliyeingia juzi. Wapo pia wakuu wa shule wanaoruhusu nyumba tatu za walimu kuvuta umeme kutoka mita ya ofisi, kisha mwezi wa mtihani ruzuku ikawa imekwisha na karatasi hazichapiki.

Upande wa pili, walimu ndio waliowafaa wananchi Novemba 2024, mita zote zilipotakiwa kuhuishwa kabla ya tarehe 24. Tarakimu 20, mara tatu, si kazi ya mzee mwenye mtoto wa jicho. Vijana wa shule walizunguka nyumba kwa nyumba wakibonyeza. Vivyo hivyo Mei 2021, mfumo wa LUKU ulipoharibika kwa siku kadhaa na wenye fedha mkononi wakalala gizani, watu walielewa kwamba aliyelipa kabla anaweza naye kukosa huduma, na hakuna mahali pa kumfidia.

Kwa hiyo anayehama nyumba na akabidhi mita kwa maandishi, kama anavyokabidhi ufunguo: namba ya mita, yuniti zilizobaki, deni lililomo, na sahihi za pande mbili mbele ya mjumbe. Mpangaji aliyekatwa kodi ya jengo na atunze kila ujumbe wa simu, ampelekee mwenye nyumba mwisho wa mwezi pamoja na kodi ya pango iliyopunguzwa kiasi hicho. Ofisa anayepakia deni la zamani kwenye mita ya mtu na amwite kwanza amsikilize, akubaliane naye kiasi cha kukatwa katika kila manunuzi, na amwandikie. Watendaji wa mitaa ya Kibaha wanaweza kuanza mapema zaidi: wahesabu nyumba za kupanga zenye mita moja na familia zaidi ya mbili, wapeleke orodha hiyo ofisi ya TANESCO ya wilaya na nakala EWURA, waombe wapangaji hao watazamwe upya katika daraja la bei. Daftari la wakazi wanalo tayari.