Paneli Imepungua Nguvu: Nani Kaiba Umeme?



Nimeombwa niseme juu ya paneli za sola kwa sababu ya ugomvi uliotokea katika kikundi kimoja cha akina mama. Walichanga fedha, wakanunua paneli ya rangi ya kahawia iliyokoza, ile iliyo kama kioo kimoja chenye mistari myembamba. Mwezi wa kwanza ilijaza simu ndogo kumi kwa siku. Mwezi wa tatu, nane. Kijana anayeitunza akaambiwa ameibadilisha, akanyang'anywa ufunguo.

Kijana yule hakuiba. Paneli za namna hiyo zimepakwa silikoni amofasi, utando ambao unene wake haufiki sehemu moja ya elfu ya milimita. Mwanga wa jua wenyewe, unapoanza kuupiga, hukata baadhi ya viungo dhaifu vya ndani, na pale palipokatika umeme hupotea. Wataalamu wawili waliokuwa Marekani, Staebler na Wronski, walilieleza jambo hili mwaka 1977. Hasara huwa kama asilimia 10 hadi 30, nyingi yake katika miezi ya mwanzo, kisha hutulia. Kwa hiyo paneli iliyoandikwa wati 12 inaweza kutoa 15 ikiwa mpya. Muuzaji mwenye hila hukupimia siku hiyo hiyo! Wengine huifunika kanga ati isichakae. Mnapoteza jua bure, maana siku mtakayoifunua itashuka vile vile.

Hewa ni habari nyingine. Utando umezibwa nyuma ya kioo ili unyevu usiingie. Kioo kikipata ufa, au ukingo ukiachia, hewa yenye unyevu hupenya na kuila metali nyembamba inayokusanya umeme. Mtaona madoa yakianzia ukingoni na kuenea. Hasara hii haitulii. Basi msitoboe kioo, wala msiilaze paneli chini wanapocheza watoto. Ikipata ufa, ikausheni kabisa juani, mpake gundi ya silikoni. Itachelewesha tu, haiponyi.

Kila kikundi kiwe na daftari: tarehe, hali ya jua, idadi ya simu. Yule kijana alikuwa nalo, ila hakuna aliyelifungua. Tulipolisoma mkutanoni tukaona kumi, tisa, nane. Mwezi wa nne nane, wa tano nane. Kioo hakina ufa wala doa. Ufunguo amerudishiwa Jumatatu.