Dawa ni Moja, Wagonjwa si Mmoja
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)

Ndugu wanachama,

Leo hatukusimama kusema habari za mshahara. Twataka kusema habari za matibabu, kwa kuwa mtu akikosa afya mshahara haumfai.

Wazee wetu wa landhi walijua ubaguzi wa wazi. Wakati wa ukoloni palikuwa na hospitali za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, ilianza mwaka 1901 kwa ajili ya Waafrika, nayo ilikuwa na vitanda 40 tu. Ubaguzi ule uliondolewa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya afya. Basi twauliza: mbona katika foleni moja huyu apona na yule arudi na ugonjwa wake?

Twatoa mfano. Mwenzetu wa gengi la reli alishikwa na kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bure katika zahanati za serikali, na kwa kawaida hunywewa miezi 6 bila kuacha. Ukiacha katikati, vijidudu huweza kuizoea dawa, na kukuponya huwa kazi kubwa zaidi. Zahanati ilimpa dawa zile zile alizopewa karani aliyekuwa mbele yake. Lakini alielezwa upesi upesi, naye ni mtu wa Turkana, na Kiswahili chake ni cha kazini tu. Aliitikia, "Ndiyo, bwana," kwa heshima, wala hakuelewa. Akaambiwa arudi Jumatatu asubuhi. Saa hiyo kiberenge kimekwisha kuondoka na gengi lake.

Baada ya miezi miwili aliona nafuu, akaacha dawa. Kikohozi kikarudi. Alipokwenda tena aliambiwa mbele ya watu, "Ninyi hamsikii." Ndugu zangu, masikio anayo. Alikosa mtu wa kumweleza.

Karani aweza kutoka ofisini saa moja akarudi. Mtu wa gengi akitoka apoteza siku nzima. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yataka apewe katika mwaka siku za ugonjwa zisizopungua 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara. Aliyelala kitandani majuma mawili hana tena siku ya kufuata dawa.

Kwa hiyo twataka mambo manne. Kwanza, mgonjwa aulizwe lugha anayoijua, naye aeleze kwa kinywa chake jinsi atakavyotumia dawa, ndipo aondoke. Pili, aulizwe kazi yake iko wapi, apelekwe zahanati iliyo karibu na kambi. Tatu, chama kimdai mwajiri siku ya dawa bila kukata mshahara. Nne, sisi wenyewe tuache kumcheka mgonjwa na kumtengea kikombe. Na akikubali, ajuaye lugha yake afuatane naye.

Waganga ni wachache na foleni ni ndefu, hatuwatukani. Lakini maneno machache yenye kueleweka yangalimwokolea mwenzetu miezi mingi.

Ameanza dawa upya. Jumatatu arudi zahanati, naye amekubali kufuatana na mtu. Kabla ya kufunga mkutano huu twaomba jina moja: nani atakwenda naye?

Umoja ni nguvu.