Taa ya Njiani ya Mafuta: Historia Yake na Matengenezo Yake

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee na vijana wa Kalimoni)



Hii iliyoko mezani ni taa ya njiani ya mafuta. Ilikuwa imekwisha kutiwa katika gunia la chuma chakavu, tayari kuuzwa Thika kwa kilo. Naomba niwaelezeni kwa nini tuliitoa.

Mafuta ya taa si ya kale sana. Abraham Gesner aliyapata kutokana na makaa ya mawe huko Kanada mwaka 1846. Na mwaka 1853 Ignacy Łukasiewicz aliangaza hospitali ya mji wa Lwów kwa taa ya mafuta yatokayo ardhini. Adui wa taa zile alikuwa upepo. Karibu na mwaka 1870 John Irwin wa Marekani alibuni taa yenye mirija miwili pembeni, iletayo hewa kwenye utambi ili moto usizimike. Kampuni ya Dietz ya New York ikazieneza duniani, pamoja na zile kubwa za kuwekwa njiani.

Lakini taa ya njiani haikujiwasha. Kila jioni mwasha taa alikuja na ngazi na debe lake, akatia mafuta, akakata utambi, akafuta chemni, akawasha. Alfajiri akarudi kuizima.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1908 iliundwa kampuni ya kuupatia mji wa Nairobi umeme, na nguvu zake zikatolewa katika maji ya mto Ruiru, si mbali na hapa tulipoketi. Maji ya kwetu yaliangaza mji. Lakini nyumba nyingi za mashambani kando ya mto huo huo ziliendelea kwa miaka mingi na koroboi. Hata katika hesabu ya watu ya mwaka 2009, zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya ziliangazwa kwa mafuta ya taa. Basi msiseme kwamba chombo hiki ni cha mababu tu. Mama zetu walitusomesha kwa nuru ya namna hii.

Katika kuitengeneza, kwanza tulijaribu tangi kwa maji, tukaona linavuja, likalehemiwa. Jihadharini: lehemu ya kale ina risasi, na vumbi lake ni sumu, msiikwangue kavu. Pili tulizibua mirija, iliyojaa udongo wa nyigu. Taa isiyopata hewa hufuka moshi tu. Kutu tuliiondoa kwa brashi na mafuta, si kwa tupa. Mwisho tulitia utambi mpya wa pamba. Petroli isitiwe kamwe, maana hulipuka.

Fundi wetu kijana alitaka kuipaka rangi ya dhahabu na kuitia balbu. Nilimsihi asifanye hivyo. Tazameni hapa penye kishikio: bati limekuwa laini kwa vidole vya mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Tukipapaka rangi, tutakuwa tumemfuta mara ya pili.

Ya kale ni dhahabu, husema wahenga. Ombi langu ni dogo: kabla hamjauza chombo kama hiki, waulizeni wazee nani alikiwasha, mkaliandike jina lake.