Kushuka Pwani Pamoja na Ahali

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeisimamisha milima na kuitandaza bahari, akawaweka waja wake wengine katika nchi ya baridi na wengine katika nchi ya joto, na riziki ya kila mmoja akaijua mahali ilipo. Twamtakia rehema na amani Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), aliyeuhama mji aliozaliwa akafanya maskani katika mji mwingine, pamoja na aali zake, na masahaba zake waliohama na wale waliowapokea. Amma baad.

Enyi Waislamu, mliopo hapa na mnaotusikiliza majumbani, tunajiusia sisi wenyewe na ninyi kumcha Mwenyezi Mungu. Ucha Mungu haukai msikitini peke yake. Unakaa pia chumbani, jikoni, na penye kitanda cha mtoto mwenye homa. Leo twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo limo katika nyumba nyingi za hapa Same na za milima yetu ya Upare. Nalo ni la mtu anayeshuka pwani kutafuta riziki, kisha akamwita mkewe na watoto wake wamfuate.

Safari hii haikuanza jana. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893 ilifika Moshi mwaka 1911, nayo ilipita hapa Same, chini ya milima. Tangu hapo njia ya kuiendea bahari ikawa fupi. Wako waliokwenda katika mashamba ya mkonge ya Korogwe na Muheza, wako waliokwenda kwa ualimu, kwa ukarani, kwa biashara. Katika siku za mwanzo aliyeshuka mara nyingi alikuwa mwanamume peke yake, na mkewe akabaki mlimani akilima, akilea na kungoja barua. Siku hizi wengi huwachukua ahali zao, na hilo ni jambo jema. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (R.A.), aliposikia usiku malalamiko ya mwanamke ambaye mumewe alikuwa vitani, alimwuliza binti yake Bibi Hafsa muda ambao mke aweza kustahimili kukaa mbali na mumewe. Baada ya jibu lake akaamuru askari wasizuiliwe zaidi ya muda huo. Wapo waliopokea miezi minne, na wapo waliopokea sita. Ikiwa haki hii ilichungwa kwa askari aliye katika njia ya Mwenyezi Mungu, itakuwaje kwa mtu aliye dukani au ofisini?

Lakini, ndugu zetu, yapo mambo ambayo mwenye kuwaita watu wake hana budi kuyajua kabla hawajapanda gari. Mtu wa Chome au wa Vudee amekulia karibu na ukungu. Kilele cha Shengena kimepita mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa huko hutaka blanketi. Amezoea maji ya mfereji na ya ndiva, na pakiwa na kazi kubwa watu huitana msaragambo, wakaimaliza pamoja. Leo yuko Tanga, kando ya bahari. Usiku kuna fukuto, godoro limelowa jasho, mtoto ametoka harara shingoni. Maji yana bili. Nyumba ina vyumba sita na kila chumba kina watu wake. Ukumbi ni wa wote na ua ni wa wote. Yule mama aliyekuwa na shamba lake, mbuzi wake na majirani waliomjua tangu utoto, sasa ameketi katika chumba kimoja, hana jembe wala shoga.

Katika hali hiyo moyo huingia dhiki, na dhiki huzaa maneno. Mume husema, "Mke wangu amebadilika." Mke husema, "Nimeletwa kuadhibiwa." Sisi tunaoletewa magomvi ya ndoa ili tuyasuluhishe twajua kwamba mengi ya namna hii hayakuanza kwa ubaya wa mtu. Yalianza kwa joto, kwa ugonjwa na kwa upweke, kisha ulimi ukayafikisha mahali pasipostahili.

Turejee kwa wahamaji wa kwanza wa umma huu. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W.) na masahaba zake walipofika Madina, Sayyidna Abubakar na Bilal walishikwa na homa kali. Bilal alipopata nafuu alikuwa akiimba kwa huzuni akiitamani Makka, akiyataja hata majani yaotayo katika mabonde yake. Tutazame Bwana Mtume alifanya nini. Hakumkemea Bilal wala hakumwambia kwamba imani yake imepungua. Alimwomba Mola wake aifanye Madina ipendeke mioyoni mwao kama walivyoipenda Makka au zaidi, aifanye yenye afya, avibariki vipimo vya chakula chake, na aiondoe homa yake.

Humo mna mafunzo matatu. La kwanza, kuitamani nchi uliyozaliwa si dhambi. Mke akiukumbuka ukungu wa kwao, akitamani makande yaliyopikwa kwa kuni za mlimani, asichekwe wala asiambiwe kwamba hataki ndoa. La pili, kuupenda mji mpya ni jambo la kuombewa dua, wala haliamrishwi kwa ukali. La tatu, Bwana Mtume aliitaja afya na chakula pamoja na mapenzi, kwa kuwa mji hauwezi kupendwa na mtu ambaye watoto wake wanaugua na wana njaa.

Basi kuhusu afya. Mbu aenezaye malaria hastawi katika baridi. Kadiri mtu apandavyo mlima ndivyo ugonjwa huo unavyopungua. Kwa sababu hiyo mtoto aliyezaliwa juu mlimani hushuka pwani na mwili usiozoea homa hiyo, nayo ikimpata humwangusha upesi, na mama mwenye mimba vivyo hivyo. Wazee wa tambarare zetu watakumbuka kwamba kati ya miaka ya 1955 na 1959 nyumba za tambarare za Pare na Taveta zilipuliziwa dawa ya kuua mbu, na malaria ikapungua sana. Upulizaji ulipokoma, ikarudi kidogo kidogo. Kinga, ndugu zangu, ni ya kila usiku. Bwana Mtume alimfundisha mtu kumfunga ngamia wake kwanza kisha ategemee, na kutundika chandarua ni katika kumfunga ngamia. Chandarua kinunuliwe kabla ya redio na kabla ya kabati. Mtoto akichemka mwili, apelekwe zahanati siku ile ile akapimwe. Asingojewe hadi mshahara, wala asipewe masalio ya dawa za mtu mwingine.

Tena, mwenye uwezo wa kuchagua wakati na achague. Wengi huhamia mwezi wa Desemba au Januari kwa kuwa shule hufunguliwa Januari. Na huo ndio wakati wa kaskazi, joto likiwa limepamba. Asiyebanwa na shule afadhali ashuke wakati wa kipupwe, mwezi wa Juni au Julai, mwili upate kuzoea pole pole.

Dini yetu haikusahau joto. Katika Suratun-Nahl, aya ya 81, Mwenyezi Mungu ameitaja nguo inayokinga joto kuwa ni neema yake. Kwa hiyo stara haitaki kitambaa kizito cha mlimani, bali hutosha kitambaa chepesi kipana kisichoonyesha mwili. Bwana Mtume aliagiza sala ya adhuhuri icheleweshwe kidogo joto linapokuwa kali, mpaka jua lipungue makali. Na katika Suratun-Nur, aya ya 58, tumeamrishwa kuwafundisha watoto wabishe hodi katika nyakati tatu, na moja ya nyakati hizo ni adhuhuri, watu wanapopunguza nguo. Aishiye na watoto katika chumba kimoja ana haja kubwa ya aya hii. Atundike pazia, awafundishe watoto hodi, na ukumbini ayainamishe macho yake.

Sasa twamwelekea mume. Salman Mfursi (R.A.) alimzuru nduguye Abu Dardaa akamkuta mkewe amevaa nguo chakavu, hana raha. Akajua kwamba nduguye amezama katika saumu na sala za usiku mpaka amesahau nyumba yake. Salman akamwonya kwamba Mola ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na ahali yake ina haki, ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipomfikia Bwana Mtume alisema kwamba Salman amesema kweli. Abu Dardaa alikuwa katika ibada. Wewe uliyetoka alfajiri ukaenda kazini, na kutoka kazini ukaenda barazani kwenye kahawa na bao hadi saa nne ya usiku, una udhuru gani? Mkeo hana mama yake hapo, hana dada, hana mkwe wa kumbebea mtoto. Wewe ndiye jamaa yake wote katika mji ule. Mbebee mtoto apate kuoga. Mtambulishe kwa majirani.

Usimzuie kazi ya halali. Abdurrahman bin Auf alipofika Madina, nduguye wa Kiansari, Saad bin Rabii, alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Naye akamwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko. Mwanamke wa Kipare aliyelima tangawizi na maharage kwa mikono yake hakuzoea kuomba senti ya chumvi. Akitaka kushona, kupika maandazi au kujifunza kusuka mikeka kwa jirani zake wa pwani, basi naye anaomba kuonyeshwa soko.

Na lipo jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Mtu amekaa pwani miaka, ameoa huko, na mke wa mlimani hana habari. Siku anapoitwa, hushuka na watoto, akamkuta mwenziwe mlangoni. Sheria imeruhusu kuoa zaidi ya mmoja, na imeweka sharti la uadilifu. Kumwacha mtu auze mbuzi wake na akabidhi shamba lake kwa shemeji, ilhali umemficha habari itakayobadili maisha yake, si uadilifu. Mwambie kabla hajafunga mzigo, umsikilize, na umtimizie kila mmoja haki yake. Watoto wa pande zote mbili ni ndugu. Wasijuane mara ya kwanza siku ya kugawana mirathi yako.

Huulizwa pia: mke akirudi mlimani kwa ajili ya mtoto anayeugua mara kwa mara, je, ni nashiza? Twasema hivi. Mke hana haki ya kutoroka kwa hasira, na mume hana haki ya kumweka mtoto katika madhara. Wakishauriana, mume akaridhia, mama akampandisha mtoto kwa bibi yake mpaka apate nguvu, huyo hakuasi. Matunzo ya mtoto yako juu ya baba, na mama anayesafiri kwa idhini kwa ajili hiyo anaitumikia haja ya mumewe mwenyewe. Nafaka yake ipelekwe kama kawaida. Wala neno la talaka lisitamkwe katika mwaka wa kwanza wa taabu kama vile hakuna lingine la kusema.

Enyi wenyeji wa pwani mnaotusikiliza, Ansari hawakusifiwa kwa wingi wa mali. Walisifiwa kwa kuwapenda waliohamia kwao. Mtoto wa Kipare akitamka Kiswahili kwa lafudhi ya Chasu, msimcheke. Tofauti za lugha zimetajwa katika Suratur-Rum, aya ya 22, kuwa ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Mfundisheni mama mgeni kukuna nazi na kuchagua samaki, mwiteni kwenye darsa za wanawake. Nanyi wazazi, msiwaache watoto waisahau Chasu, kwani siku ya kupanda kumsalimia bibi yao watahitaji ulimi wa kupokea dua yake.

Na hao wazee waliobaki mlimani wana haki isiyokatika kwa umbali. Fedha za matumizi zifike, simu ipigwe, na sikukuu isipite miaka bila uso wa mtoto kuonekana. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mapenzi yasiyofika mlangoni hayamwashii mzee moto wakati wa baridi.

Ee Mola wetu, wapendezeshee waliohama miji waliyohamia, na uwatie afya humo. Waponye watoto wao, ubariki vyungu vyao na mizani zao. Tia upole katika ndimi za waume na subira katika nyoyo za wake. Wahifadhi wazee wetu milimani, na utukutanishe sote katika nyumba isiyo na joto linalochosha wala baridi inayoumiza. Amin. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.