Sikio Litangulie, Kidole Kifuate

Ndugu msikilizaji, Jumamosi iliyopita nilikuwa arusini. Kijana mmoja alikuwa akipiga gitaa, vidole vikienda mbio kama sindano ya cherehani. Ulipofika wimbo wa pili, mwimbaji, ambaye koo lilikuwa limemkauka, akamnong'oneza: "Mdogo wangu, teremsha kidogo." Kijana akaduwaa. Akajaribu hapa, akajaribu pale, mwisho akaliweka gitaa chini. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana yaliwahi kunikuta.

Kosa si la vidole. Kijana yule alikariri mahali pa kubonyeza. Hakujifunza umbali kati ya sauti na sauti. Ni kama mtu ajuaye njia moja tu ya kwenda kwake: akishushwa kituo kingine, amepotea.

Aliyepita kwaya anajua do, re, mi. Shingo ya gitaa imegawanywa kwa vyuma vyembamba. Nafasi kati ya chuma na chuma tuiite chumba. Kila chumba ni nusu hatua. Kutoka do hadi mi ni vyumba 4. Hadi fa, 5. Hadi so, 7. Hadi do ya juu, 12. Hesabu hiyo haibadiliki, uanzie popote.

Nyuzi nazo zina mpango wake. Bonyeza uzi mnene kuliko yote kwenye chumba cha 5, utapata sauti ya uzi unaofuata ukiwa wazi. Ndivyo ilivyo kwa nyingine, isipokuwa uzi wa tatu ukihesabu kutoka ule mwembamba kabisa: huo hubonyezwa chumba cha 4. Hapo ndipo wengi hujikwaa.

Sikiliza pia muziki wetu wa dansi. Mara nyingi magitaa mawili huongozana, moja likishika do, jingine mi. Moja likienda re, jingine fa. Wapigaji hao hawabahatishi. Wanajua umbali.

Basi, kijana, kabla hujabonyeza, imba. Imba do, kisha so, ndipo uitafute so kwa kidole. Dakika 15 kila jioni zinatosha kuanzia. Siku utakapoambiwa teremsha, utaihamisha do vyumba 2 kuelekea kichwa cha gitaa, na sauti nyingine zitaifuata kama vifaranga wamfuatavyo mama yao.

Tusikilizane juma lijalo.