Ajali Haina Kinga?



Wakati wa mavuno barabara zetu hujaa matrekta. Katika bonde la Kilombero huvuta matela ya miwa. Huko Usangu huvuta mpunga. Karatu na Babati, mahindi. Jua likishatua, tela lisilo na taa wala rifleta huwa giza ndani ya giza. Trekta lakwenda kilometa 20 kwa saa, na lori lililo nyuma yake lakwenda 80. Mita 100 zilizo kati yao huisha kwa sekunde 6 tu. Naye dereva wa trekta, aliyeketi pasipo kibanda, hurushwa chini, na pengine chombo chake mwenyewe humlalia.

Msibani twasikia neno lile lile: ajali haina kinga. Likisemwa ili kumfariji mfiwa, si neno baya. Lakini tukiligeuza kuwa fundisho, twamsingizia Mungu uzembe wetu.

Tusikilize Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8. Nyumba za Waisraeli zilikuwa na dari tambarare, na watu walipanda huko kwa kazi na kwa mapumziko. Mungu hakuwakataza kupanda. Aliwaagiza kwamba ajengaye nyumba aizungushie dari yake ukingo, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Basi kinga ipo, na kuijenga ni amri. Tena Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, chamdai fidia mtu aliyechimba shimo asilifunike. Je, tela lililoachwa barabarani usiku bila alama si shimo lisilofunikwa?

Trekta nalo lina ukingo wake: fremu ya chuma isimamayo juu ya kiti, pamoja na mkanda. Nchi ya Uswidi iliiagiza fremu hiyo kwa sheria katika matrekta mapya tangu mwaka 1959, na vifo vya kupinduka vikapungua sana. Lakini pasipo mkanda, dereva aweza kutupwa nje na kupondwa na fremu ile ile iliyowekwa kumwokoa. Zipo pia breki mbili, ya kulia na ya kushoto, zinazosaidia kukata kona shambani. Kabla ya kuingia barabarani, pedali zake hazina budi kufungwa pamoja. Breki ya upande mmoja katika mwendo wa kasi hulipindua trekta. Na wale tunaowapakia juu ya madigadi, hawana ukingo wowote.

Ni nani basi atakayeujenga ukingo huo? Si kibarua peke yake. Ni mwenye trekta, anayemwambia amalize safari ya mwisho ingawa taa zimekufa. Ni sisi pia tunaoharakisha mzigo wetu ufike. Wengi huleta vyombo vyao kanisani vibarikiwe, nasi twavibariki kwa furaha. Lakini maji ya baraka hayashiki nafasi ya taa, wala ya breki.

Na ajali ikiisha kutokea, tumtazame Msamaria wa Injili ya Luka, sura ya 10. Alifunga majeraha kwanza. Nasi tuizuie damu kwa kuikandamiza kwa kitambaa safi. Wala tusimkokote majeruhi kwa mikono na miguu, kwa maana uti wa mgongo ukiwa umevunjika, mvuto mmoja waweza kumpoozesha maisha yake yote. Kisha Msamaria alilipa dinari mbili, akaahidi kulipa gharama itakayozidi. Upendo wake haukuishia barabarani. Dereva aliyevunjika nyonga akiwa kazini hapaswi kurudishwa kwa mkewe na shukrani tupu. Tanzania Bara inayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Mwajiri asiyemwandikisha mtu wake amnyima haki, si hisani.

Makatekista wapendwa, jambo hili lifikisheni katika jumuiya ndogo ndogo kabla ya mavuno. Mwenye trekta aulizwe kwa upole juu ya taa zake, breki zake, na mtu wake.

Ee Bwana, uwalinde wanaotuletea mkate, nasi utupe moyo wa kuwajengea ukingo. Amina.