Saa 48 Kabla ya Kizimba



Kijana akamatwapo Mvara jioni ya Ijumaa, akafungiwa kituoni mjini Arua, saa zake zimekwisha kuanza kuhesabiwa. Ibara ya 23 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaagiza kwamba asipoachiliwa, afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote kabla ya kupita saa 48. Katiba haikusema kwamba saa hizo hulala Jumamosi na Jumapili.

Wengi hudhani kwamba kujitayarisha kwa kesi ni kazi ya mawakili wenye majoho. Sivyo. Kwa mtu asiye na wakili, matayarisho hufanyika, au huharibika, mikononi mwa askari wa zamu. Ni juu yake kumweleza mshukiwa sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha aielewayo, iwe Kilugbara kwa mtu wa Mvara au Kikakwa kwa mtu wa Koboko. Kiswahili chetu cha kambini hakitoshi ikiwa anayeelezwa anaitikia "ndiyo, afande" kwa hofu tu. Ni juu yake pia kumjulisha haki ya kuwa na wakili, na akiombwa, kuwapasha habari jamaa zake.

Jambo hili la jamaa lina uzito kuliko lidhaniwavyo. Hakimu akifikiria dhamana, huuliza wadhamini wako wapi. Mama aliyepata habari Ijumaa hupata nafasi ya kumtafuta mjomba mwenye makazi yanayojulikana, akaja na kitambulisho chake cha taifa na barua ya mwenyekiti wa LC I. Mama aliyefichwa habari hufika Jumatatu na machozi matupu, na mwanawe hupelekwa mahabusu kwa kukosa barua, hali kosa lenyewe halijathibitishwa. Na ikumbukwe kwamba dhamana ya polisi haina malipo. Askari adaiye chochote kwa ajili yake anajua vyema alifanyalo.

Kizimbani, mshtakiwa husomewa shtaka, naye hukiri au hukana. Mkalimani hamlipi yeye. Lakini kwa shtaka la mauaji, hakimu humsomea bila kumtaka ajibu, maana kesi hiyo ni ya Mahakama Kuu. Asiyeelezwa hayo mapema huona amenyimwa kinywa, akarudi rumande akiamini kwamba amekwisha kuhukumiwa.

Wako askari wasemao kwamba haki hizi zinawafungulia wahalifu mlango. Mlango huo hufunguliwa zaidi na maungamo yaliyopatikana kwa kipigo, ambayo mahakama huyatupa, na mwizi wa kweli akaenda zake akicheka.

Tena, ibara ya 44 hairuhusu haki ya kusikilizwa bila upendeleo ipunguzwe kwa mtu yeyote, na mwenye sare ni mtu. Askari anayeshtakiwa naye huvuliwa mkanda na kuketi sakafuni pale pale alipowaketisha wengine, na maneno yake ya kwanza huwa yale yale: nimeshtakiwa kwa kosa gani, na ni nani aliyemwarifu mke wangu?